Sahani ya Mwenye Kilio

Koekelberg, Bruxelles, 19 Februari 2024

Kwako Yaya Bibiane,

Dada yangu mukubwa, amani ya Bwana iingie kwenu mbele ya maneno yangu, kwa sababu maneno yangu leo hayana amani. Bwana yako Papa Nday anaendelea namna gani? Ile sukari imeshuka? Na wewe mugongo? Hapa baridi inatumaliza. Bwana yangu Banza anakohoa na anakataa kofia. Mimi mwili ni muzima, ni roho inagonjwa.

Nakuandikia kwenye telefone kama barua. Sipendi vocal, ujumbe wa sauti. Nikituma vocal utasikia namna ninavyotetemeka, na Papa Nday atauliza ni nani anamupiga Victorine.

Ni Éliézer, mutoto wako, ananipiga.

Ngoja nieleze yote, usije ukasema nilificha. Unajua Ijumaa ya kwangu. Ni miaka sasa, wanafunzi wa kwetu, wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, wanakuja hapa nyuma ya Basilika. Mimi sikusoma sana, kazi yangu ni kuogesha wazee katika maison de repos, kwa hiyo siwafundishi theologia. Tunasoma mustari mumoja tu, halafu tunauliza: huu, Jumatatu, kwenye tram, kwenye masomo, kwenye kot, chumba cha mwanafunzi, yenye jirani anapiga muziki, tunaufanya namna gani? Hiyo njo zoezi. Kila muntu anaenda na zoezi yake, na Ijumaa yenye kufuata analeta habari, bukari, ugali wetu, mukononi. Hénock alikuwa anapanda tram bila kulipa. Anasema, "Maman, Kaisari ni tajiri." Zoezi ikamushika, akalipa juma nzima, akarudi amekasirika: "Maman, hata contrôleur mumoja hakupanda! Nimekuwa mutakatifu bure!" Tulicheka mpaka Banza akamwaga maji. Océane alikuwa amekopia travail ya masomo ya mwenzake. Alienda yeye mwenyewe kumwambia professeur, akapewa zéro, akaja kulia hapa, akakula, akalala. Hivyo tu. Mungu wa Jumapili wanamujua tangu kwao. Mimi nawaonyesha ule wa Jumatatu.

Na Éliézer, ni nani alimupokea stesheni, Gare du Midi, na ile koti nyembamba ya Likasi? Alilala kwangu mpaka akapata kot. Alikula sombe yangu ya majani ya muhogo akisugua sahani na kidole.

Sasa sikiliza. Tangu mwisho wa mwaka anaombesha watu katika kasalle, kaukumbi kamoja karibu na Gare du Nord. Bon, sikukataa, hata nilimutolea pazia. Résultats za mitihani ya Januari zikatoka, watoto wengi wakaanguka. Jumapili ile ingine akasimama mbele yao, akasema ameona maono: nyungu kubwa inachemka, wanafunzi wanapewa chakula, na kila anayekula, akili yake inatoka inabaki ndani ya nyungu. "Ni maman mumoja," akasema, "anaishi nyuma ya kanisa kubwa. Anakula masomo yenu kwa sababu yeye hakusoma." Hakutaja jina. Nani mwingine anaishi nyuma ya kanisa kubwa na nyungu?

Ijumaa nilipika kama siku zote. Sombe, samaki ya chumvi, bukari ya watu wengi. Hakuna aliyekuja. Hata Hénock. Banza alikaa mezani akaangalia ule mulima, akasema, "Mama, hii tutakula mpaka Pasaka." Hakucheka. Kesho yake nikakutana na Océane kwenye métro. Aliniona, Yaya, akashika tumbo yake na mikono mbili, kama muntu anaficha mutoto, akaingia katika métro yenye haiendi kwao.

Mulozi. Mimi, mwenye kufunga kila Jumatano juu ya mitihani yao!

Sitakuficha: ninaomba mabaya. Nimezitafuta zile zaburi zenye Daudi anaomba Mungu avunje meno ya adui, nazisoma kwa sauti, na pale Daudi hakuweka jina mimi naweka. Banza ananiambia nishushe sauti, majirani watasikia. Wasikie! Nataka Éliézer asimame mbele ya wale watoto aseme na kinywa chake: nilidanganya. Na nataka haya imushike mpaka masikio yaungue.

Wewe ni mama yake. Umwite.

Mudogo wako,
Victorine


Likasi, 3 Machi 2024

Mudogo wangu Victorine,

Salamu katika Bwana. Sisi tuko hivi hivi. Sukari ya Nday haitaki kushuka, na muguu wa kushoto unavimba. Mugongo wangu usiuulize. Umusalimie Banza, avae kofia.

Nimesoma. Nimemupigia Éliézer. Anasema hakutaja jina ya muntu. Anasema maono hayaombwi, yanakuja. Alors, unataka nifanye nini? Nimwambie Mungu anyamaze? Huyu mutoto tulimutoa kwa Mungu akiwa tumboni. Siku ile wewe ulikuwa katika kwaya, unaimba alto, ulisikia na masikio yako. Leo Mungu anasema naye, unataka mimi nilie?

Sisemi wewe ni mulozi. Sikusema vile. Lakini Victorine, wewe hukuzaa. Watoto wa wengine wakijaa katika nyumba ya mwanamuke mwenye hakuzaa, watu wanaangalia. Huku wanaangalia, na huko Ulaya ni watu wa huku njo wako huko. Ungewaacha waende polepole, ungebaki na heshima yako.

Tuombeane.

Yaya wako,
Bibiane


Koekelberg, 4 Machi 2024

Bibiane,

Leo sina salamu.

Nimesoma pale uliandika kwamba sikuzaa. Nilifikiri ule mulango tuliufunga sisi wawili, siku ile hospitalini, wewe umeshika mukono wangu na docteur anatikisa kichwa. Kumbe ulibaki na ufunguo.

Bon. Mutoto wako alinipiga mbele ya watu, wewe umenipiga chumbani. Sitamufuata. Sitamuita. Siombi agonjwe, siombi aanguke mitihani, hata zile zaburi nimeziacha, ni ndefu. Nimepata Neno fupi. Paulo anasema adui akiwa na njaa umupe chakula, utakuwa umemuwekea makaa ya moto juu ya kichwa. Watu wanasoma pale kwenye chakula. Mimi nasoma kwenye makaa.

Kwa hiyo ninaomba kitu kimoja tu: siku moja Éliézer ashikwe na njaa, na niwe mimi peke yangu mwenye chakula.

Victorine


Likasi, 11 Juni 2024

Mudogo wangu,

Nisamehe, sina nguvu ya kuuliza habari zenu.

Nday amekufa leo asubuhi. Muguu ule, halafu moyo. Nilikuwa namupangusa uso, nikadhani amelala.

Éliézer amejua kwa telefone. Hawezi kuja. Karte yake ya séjour, ya ruhusa ya kukaa, inabadilishwa, akitoka hawatamurudisha. Amejifungia katika kot yake, peke yake, na hataki kuweka kitu kinywani. Unajua kwetu: mwenye kilio hawashi moto, chakula chake kinatoka mukononi mwa mwingine, na pasipo mukono wa mwingine anakaa na njaa. Wale watoto wake wa Gare du Nord, yeye mwenyewe aliwaweka katika mafungo ya mitihani, hakuna anayepika. Na hata wangepika, wanajua nini? Hawajawahi kukalisha muntu kilio.

Huko Bruxelles sina muntu mwingine. Najua niliandika nini mwezi wa tatu. Najua. Umuchukue, umukalishe chini kama mutoto wa watu. Yule Hénock wenu afungue telefone ya vidéo, tuone na sisi kwamba mwana wa Nday halii peke yake.

Nakuomba na magoti.

Yaya wako,
Bibiane


Koekelberg, 11 Juni 2024

Yaya wangu,

Pole. Pole sana. Papa Nday kila mara nilipofika kwenu alisimama kunipa kiti chake, hata wakati miguu ilianza kumusumbua, na nikikataa anasema, "Kaa, alto, sauti yako ni nzito, itakuangusha." Nimelia. Banza naye amelia, halafu ameenda mbio kumuchukua Éliézer.

Viti tumeviondoa katika salon. Mikeka iko chini. Nimewaandikia watoto wote, wale wangu wa zamani ambao sasa ni wake. Kwa kilio hawawezi kukataa. Kesho nitapika mulango wazi, yeyote anayetaka aje aangalie ninaweka nini katika nyungu.

Sitakudanganya. Unaniomba nimupokee, nitamupokea na nitamulaza vizuri. Lakini unakumbuka niliomba nini kwa Mungu. Niliposoma maneno yako nilipiga magoti palepale jikoni, na mpaka sasa sijui yalikuwa magoti ya huzuni ama ya kushukuru.

Atakula, Yaya. Usiogope. Atakula.

Mudogo wako,
Victorine


Likasi, 17 Juni 2024

Victorine,

Tumemuzika Nday Jumamosi, na jana tumeinua kilio, matanga yamekwisha. Asante kwa mikeka. Asante kwa Banza, mwenye amelala chini pamoja na mutoto wangu. Hayo nimesema, nimemaliza.

Sasa nisikilize, kwa sababu niliona.

Telefone tulikuwa tumeisimamisha juu ya kiti cha Nday, mashangazi wote wanaangalia. Tukaona Éliézer ameketi chini, kichwa kimenyolewa, midomo imekauka. Tukaona unakuja na sahani. Shangazi mukubwa akasema, "Mungu abariki ule mama." Mutoto akanyosha mukono. Na wewe ukarudisha sahani nyuma, ukaibana kifuani.

Ukasema, tulisikia sisi wote, "Ni nani amepika hii?"

Akasema, "Ni Maman."

"Maman gani? Ule wa nyungu?"

Akaangalia sahani. Ukamwambia, "Sema kwanza, Éliézer. Wenzako wanangoja. Wako na njaa lakini wanaogopa akili yao itabaki kwangu."

Akasema, kwa sauti ndogo. Ukamwambia aseme na nguvu, Hénock asikie, Océane asikie. Akasema na nguvu: "Nilidanganya. Maman Victorine si mulozi. Sikuona maono. Nilitaka tu waje kwangu." Ndipo ukamupa. Na wale watoto wakapiga makofi.

Makofi, Victorine! Katika kilio ya bwana yangu! Shangazi aliniuliza, "Wanashangilia nini? Nday amefufuka?"

Mutoto wangu alikosa. Mimi nilikosa zaidi, nilimutetea na nikakuchoma pale nilijua panauma. Ungengoja kilio iinuliwe, ungemupiga kofi mbele ya Basilika Jumapili watu wakitoka misa, ningekutumia asante. Lakini chakula cha mwenye kilio hakina masharti. Hata mulozi wa kweli hamuulizi mwenye kilio neno.

Alors. Mimi ni yaya yako na neno hili halina majibu. Ijumaa, Éliézer atapika nyumbani kwako, yeye peke yake. Wewe utakaa chini palepale alipokaa. Atakuletea sahani mbele ya watoto walewale, na utakula bila kuuliza ameweka nini. Nitakuwa naangalia. Ukikataa, nitajua kwamba wewe pia unaamini sahani inaweza kuua muntu, na makofi yale uliyaiba.

Nimemwambia Éliézer. Akauliza tu, "Atakula, Maman?"

Yaya wako,
Bibiane


Koekelberg, 22 Juni 2024

Kwako Yaya Bibiane,

Amani kwako katika nyumba yenye imebaki na kiti kimoja wazi. Unalala? Unakula? Mashangazi wamerudi kwao, ama wangali wanakumalizia unga? Hapa Banza yuko muzima, mimi tumbo inaunguruma, utajua kwa nini.

Ulifunga telefone nilipomeza tonge ya kwanza. Ulikuwa umeona yenye ulitaka. Sasa nakuandikia yenye hukuona, ya mbele na ya nyuma.

Kwanza, naomba musamaha juu ya sahani kurudi kifuani. Hiyo ni yangu, na hakuna mustari utakaoitetea. Nimeutafuta. Lakini juu ya maneno yenye alisema, siombi. Yale maneno alipaswa kuyasema, na niliyasikia, na yalikuwa matamu, Yaya, matamu kuliko kitu chochote nimekula mwaka huu. Hata makofi. Nakuambia wewe kwa sababu nikimwambia pasta ataniombea.

Éliézer alikuja jana na mifuko yake, bila kusalimu, akaingia jikoni, akafunga mulango. Tukakaa salon. Tunasikia nyungu inagongwa, maji, kisu. Watoto wamejaa. Banza akaniinamia sikioni: "Mama, muntu anapika na mulango wa kufunga, anapika nini?"

"Chakula."

"Mbona wewe ulipika mulango wazi?"

"Banza, nyamaza."

"Mimi nanyamaza. Lakini mimi sijaalikwa kukula, nashukuru Mungu."

Océane akainua mukono kama zamani. "Maman, leo zoezi ni gani?" Sikuwa nimetafuta mustari wowote. Nilimwambia, "Zoezi ni hii munaenda kuangalia. Mukiielewa, munieleze."

Halafu mulango ukafunguka. Nilikaa chini, palepale. Ulimuona akileta sahani, ulimuona akinimwagia maji mikononi. Hukusikia alichosema, kwa sababu alisema chini kabisa, mudomo karibu na kilemba yangu: "Nimepika mwenyewe, Maman. Kila kitu. Hakuna aliyenisaidia."

Na akatabasamu kidogo.

Yaya, niliogopa. Mimi! Mimi mwenye nilicheka ile nyungu ya maono, mwenye niliwaita wale watoto wajinga. Nilitazama ile sombe, nyeusi, na ile bukari ya mabonge mabonge, na mukono wangu ulikataa kwenda. Nikamuona Océane anauangalia mukono wangu. Alijua. Ni mukono wake wa kule kwenye métro. Woga hauingii kwa akili, unaingia kwa tumbo, na akili inafika nyuma imechelewa, kama Banza kanisani.

Nilikata tonge. Nilimeza. Pale ulifunga telefone.

Ilikuwa chumvi. Si chumvi ya kukosea, hapana. Ni chumvi ya muntu amesimama mbele ya nyungu na pakiti mukononi na anamwaga akifikiria jina. Samaki ya chumvi, na juu yake chumvi, na juu yake tena. Kinywa kilikunjamana chote. Yeye amesimama, amefunga mikono kifuani, anaangalia koo yangu. Niliona anangoja niteme. Mbele ya Hénock, mbele ya wote, maman wa Ijumaa anatema chakula cha mutoto wa Nday.

Sikutema. Nilikata ingine. Nilikula tonge kwa tonge, machozi inashuka, na watoto walidhani ni ya toba. Hénock hata alianza kuimba kidogo, mujinga yule. Nilikula mpaka nikafika upande wa pili wa sahani.

Éliézer akainama. Akauliza polepole, kwa heshima kabisa, namna ulivyomulea: "Nikuongeze, Maman?"

Niliinua uso, nikaangalia macho yake. Yaya, nayajua yale macho. Ni yangu. Ni yale nilikuwa nayo siku ile nimebana sahani kifuani.

Nikamwambia, "Ongeza. Na wewe ukae."

"Mimi nimeshiba."

"Hukukula. Nimekusikia jikoni, hukuonja hata kidogo. Kaa."

Hakutaka. Niligonga mukeka na mukono wazi, kama unavyomuita mutoto. Watu wote wanaangalia, afanye nini? Akaenda kuongeza, akarudi, akaketi, magoti yake yanagusa yangu. Akakata tonge, akachovya sana kwa kiburi, akaweka kinywani. Nikaona namna chumvi inamushika. Shingo ikasimama. Macho ikajaa maji. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, anatafuta pahali pa kutema.

"Meza," nikamwambia.

Akameza. Alipumua na mudomo wazi. Halafu akageuza sahani, akaweka ile bonge kubwa kabisa upande wangu, akaisukuma mpaka ikagusa vidole vyangu.

"Sasa ni zamu yako, Maman," akasema.

Mudogo wako,
Victorine